Yai la Ishirini na Nne

"Mimi sisemi umefanya makusudi," anasema mwoka keki, aproni yake imejaa unga. "Nasema trei ya mayai ilitoka kwako, na harufu ninayo ndani ya nyumba mpaka sasa."

Ni saa mbili asubuhi, kwenye ua wa nyumba mbili zinazotazamana. Katikati kuna kamba ya nguo, na nyuma ya shuka zilizoanikwa wamesimama majirani watatu ambao ghafla wamekumbuka kukagua kama nguo zao zimekauka. Mwanamke anayelaumiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake. Hajapandisha sauti.

"Lilikuwa la ngapi?" anauliza.

"La ishirini na nne. Siagi na sukari vilishaingia, na mayai ishirini na tatu mazuri yako humo humo bakulini. Nimemwaga yote. Na harusi ni kesho, dada."

Mtaa mzima unamwita Mama Mulika, na wageni hudhani Mulika ni kifungua mimba wake. Jina limetoka kwenye kazi. Wafugaji wa kuku, wenye vibanda vya chai na waoka keki humletea trei zao, naye hutazama ndani ya kila yai bila kulivunja, akatenga mazuri na mabaya.

Chumba chake cha kazi kilikuwa stoo ya mafagio na ndoo. Dirisha limezibwa kwa blanketi. Mezani kuna boksi la viatu lenye balbu ndani, na ubavuni tundu moja linalolingana na sarafu. Analiegemeza yai kwenye tundu, analizungusha kwa vidole viwili, na ganda lote linawaka rangi ya chungwa. Yai zuri lina mfuko mdogo wa hewa kwenye upande mnene, na kivuli cha kiini kinachotembea taratibu. Yai viza ni giza tupu, na ukilitikisa linachezacheza kama maji kwenye chupa. Likifaulu, anachora kiduara kwa penseli kuuzunguka ule mfuko wa hewa, na mkono unafuata lingine.

Kwa siku humulika trei kumi na nane, yaani mayai mia tano na arobaini. Malipo ya trei moja ni bei ya yai moja.

"Nikiugua siku tatu, sufuria ndiyo ya kwanza kupata habari," anasema. Mumewe ni fundi viatu. Ndiye aliyetoa lile boksi, na hadi leo hulihesabu kama mtaji wake katika biashara.

Kazi aliijua usichanani, katika kituo cha kutotoleshea vifaranga. Kituo kilipofungwa, wenzake walidai viti na mabati. Yeye hakuwa na cha kubeba ila jicho lililozoea. Miaka kumi na tisa sasa. Rafuni, juu ya balbu, amepanga vituko vya miaka hiyo, kila kimoja kimetobolewa kwa sindano na kupulizwa kikabaki ganda: yai lenye mikunjo kama shuka lililolaliwa, yai dogo kama gololi, yai lililobonyea kiunoni kama kibuyu, na moja kubwa ambalo lilikuwa na yai jingine zima ndani yake. Watoto wa mtaa huja kuyatazama, na fundi viatu huwaambia kiingilio ni bure ila ni marufuku kupiga chafya.

Kabla ya kumjua Mama Mulika, mwoka keki alikuwa akivunja kila yai kwenye kikombe kwanza, alinuse, ndipo alimimine bakulini. Miaka minane iliyopita alikirudisha kikombe kabatini. Tangu hapo huvunja moja kwa moja kwenye bakuli, tena huku anapiga soga na mteja, macho yako dirishani. Mtaani hiyo ndiyo ilikuwa barua ya sifa ya Mama Mulika. Waoka keki wengine wanne waliviacha vikombe vyao kwa kumwona huyu.

Leo asubuhi amekuja kusema kikombe kinarudi. Amelisema kwa upole, na upole huo ndio uliouma.

Kuna jambo ambalo anayelijua ni fundi viatu peke yake. Kwa miezi minne jicho la kushoto la Mama Mulika limekuwa likiiona balbu kama iko ng'ambo ya kioo chenye mvuke. Zahanati wamemwambia ni mtoto wa jicho. Amekuwa akimulika kwa jicho la kulia, kila yai mara mbili, na amejiapia kwamba siku yai viza likimpita, boksi linarudi kwa fundi viatu na kazi inaishia hapo.

"Niletee maganda," anamwambia jirani yake.

Mwoka keki anaileta ndoo ya taka. Mama Mulika anatandika gazeti na kuanza kuchambua. Hahitaji kutafuta sana, pua inamwonyesha njia. Ganda lenyewe lina utando mweusi kwa ndani. Analigeuza.

Kiduara kipo.

"Umekiona?" anauliza mwoka keki, na sauti yake si ya mtu aliyeshinda.

Mama Mulika analisogeza ganda karibu na jicho la kulia, analitazama tena. Kiduara kimechorwa kwenye ncha iliyochongoka. Mfuko wa hewa hauko huko. Mmulikaji kuchora upande huo ni sawa na mumewe kushona kisigino kwenye vidole. Anapitisha kidole gumba juu ya mstari, na kidole kinatoka cheusi.

"Mdogo wangu," anasema, "mimi sichori mayai kwa wanja."

Hapo ndipo mama mkwe wa mwoka keki, aliyefika juzi kusalimia wajukuu, anatokea mlangoni kuona kulikoni. Anaeleza bila wasiwasi wowote. Jana alimkaangia mwanawe yai moja, trei ikabaki na pengo, na pengo ni kitu kinachomkera tangu utoto wake. Akaokota yai nyuma ya pipa la maji, ambako kuku wa mtu alitaga akajisahau, akaziba nalo lile pengo.

"Na kiduara, mama?" anauliza mkwewe.

"Wenzake wote wamechorwa. Nikaona haya kuliacha hivi hivi."

Shuka zinacheka. Mwoka keki anajifunika uso kwa aproni, na akiifunua pua imebaki nyeupe. Anaomba radhi mara mbili, mara ya pili kwa kushika mkono.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Majirani wanaanza kuanua nguo. Lakini Mama Mulika anakunja gazeti lake polepole, kama mtu ambaye bado ana neno.

"Hili si langu," anasema. "Ila nikinyamaza leo nitakuwa nimekuficha. Jicho la kushoto limeingia ukungu. Namulika kwa moja. Ukitaka kikombe chako kirudi, sitanuna."

Anamweleza yote. Upasuaji ni baada ya wiki tatu, na mwezi mzima baada yake hataruhusiwa kuikodolea balbu macho. Trei zitakwenda kwingine, na hana hakika zote zitarudi. Hofu yake ndiyo hiyo. Nia yake ni kuwafundisha wauza mayai wawili kabla ya siku hiyo, kwa kuwa hakuna mwingine mtaani anayejua, halafu arudi kukaa nao mezani.

"Nataka nizione tena zile nyufa za ganda, nyembamba kama unywele," anasema, "kwa macho yote mawili."

Mwoka keki anasikiliza hadi mwisho. Anachukua trei iliyomulikwa alfajiri, iliyo mlangoni kwa Mama Mulika, anaingia nayo jikoni kwake na kuacha mlango wazi. Kikaango kiko motoni. Kikombe kimeshatolewa kabatini, kiko mezani. Anakitazama kidogo, anakijaza chai.

Kisha anavunja mayai manne, moja kwa moja kikaangoni, uso ameuelekeza uani.

"Ingia, dada," anaita. "Chai yako hii. Tule kwanza, keki tutaianza upya."