Marando Kati ya Mahindi

Nikikata marando ya viazi vitamu kuwapa nguruwe, utomvu ukininata vidoleni, harufu yake huwa inanichekesha peke yangu.

Nilipokuwa mdogo, mama alikuwa akitandaza mabua ya maharage kati ya mahindi, majani ya magugu yakose jua, halafu mabua yaoze yawe mbolea. Mstari mmoja akanipa mimi. “Mstari huu usipoota majani, Jumamosi ya mwisho wa mwezi hushiki jembe. Unaenda mpirani.”

Mabua yakaniwasha. Nikaona nitumie akili: nikabeba marando mabichi, nikayatandaza mazito kama godoro.

Sasa mvua ya Tukuyu, hata mwiko ukiuchomeka utachipua. Jumamosi hiyo mama alipokuja kukagua, marando yalikuwa yameshika mizizi na mengine yanaparamia mahindi.

“Ndaga, asante, bwana shamba,” akasema. “Majani sioni kweli.”

“Kwa hiyo naenda mpirani, mama?”

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. “Nenda. Hivyo viazi utachimba mwenyewe.”

Nikakimbia kabla hajabadili mawazo. Nilikuwa golikipa. Mpaka mapumziko, wenzangu walishaanza kusema bora ningebaki kupalilia.