Kisu cha ncha kali au ncha butu? Yaliyonikuta na dada yangu njia ya kupanda Meru

Wakuu, habari za mchana.

Humu nimeona nyuzi nyingi watu wakibishana kisu gani cha kukunja ni bora. Nilikuwa nasoma, nacheka, napita. Leo naandika yaliyonikuta mwenyewe, bila kuongeza chumvi.

Mimi ni fundi umeme, naishi Sombetini. Kisu hakitoki mfukoni kwangu, ndicho cha kumenyea nyaya. Ni kile cha kizamani, mpini wa pembe, bapa mbili.

Ubapa wa kwanza umechongoka mbele kama sindano. Huu ndio nilikuwa naupenda, unatoboa chochote.

Wa pili makali yake yamenyooka mpaka mwisho, halafu mgongo unateremka mbele, ncha inakuwa butu. Ukiutazama ni kama ukwato wa kondoo. Huu niliuona wa kizembe. Nilikuwa naunoa basi tu, kwa kuwa nanoa mwenzake.

Sasa twende kwenye tukio.

Mdogo wangu wa kike, Mwanaidi, anakaa na mama Kaloleni. Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tunapanda kijiji kimoja mlimani kumwona shangazi anayeumwa. Tukachukua boda mbili. Yeye mbele, mimi nyuma yake.

Kulikuwa na baridi na upepo. Mwanaidi alijifunga mtandio, akakaza fundo chini ya kidevu. Mwisho wake ukawa unapepea mgongoni. Niliuona. Wala halikunijia wazo lolote.

Tukiwa kwenye kilima, boda zinapanda taratibu, nikaona kichwa chake kimerudi nyuma ghafla, kama kuna mtu kamvuta.

Hakupiga kelele. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi.

Mtandio ulikuwa umeingia kwenye cheni. Dereva wake akafunga breki, pikipiki ikalala taratibu, na Mwanaidi akaanguka nayo, shingo imevutwa hadi karibu na tairi. Nikaruka na kukimbia.

"Rudisha tairi nyuma!" nikamwambia dereva.

"Imekwama, kaka! Haizunguki!"

Nikafungua kisu. Mkono wenyewe ulichagua ule ubapa wa ncha kali. Nikachoma kitambaa kati ya shingo na tairi, kikaachia mara moja. Hapo niseme ukweli, ncha kali ilifanya kazi yake.

Nikajua yameisha.

Wakuu, hayakuisha. Lile fundo lilikuwa limejikaza na halikulegea. Macho yamemtoka, midomo inabadilika rangi, ananikwaruza mikono. Nikajaribu kufungua kwa vidole, kucha hazipati pa kushika.

Nikaingiza ncha chini ya kitambaa. Akajitupa pembeni, nikaona damu chini ya taya.

Nikauzuia mkono, nikabaki namtazama. Mshipa uko palepale, unapiga, nauona kwa macho. Nikasema moyoni, nikisukuma tena namchinja dada yangu, nikiacha anakufa nikimtazama.

Mama mmoja aliyekuwa anateremka na ndoo ya maparachichi akaitupa chini, akapiga magoti, akakibana kichwa cha Mwanaidi kwa mapaja yake.

"Yesu wangu! Kata, baba! Mimi nimemshika, kata!"

Nikaukunja ule ubapa, nikafungua ule wa kizembe. Jasho lilifanya vidole viteleze mara mbili. Nikaulaza bapa kwenye ngozi, nikausukuma chini ya mtandio. Ncha butu ikapita juu ya shingo bila kuchoma popote. Nikageuza makali juu, nikavuta kuja kwangu.

Kitambaa kikapasuka.

Alivuta pumzi kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Kisha akakohoa, akalia. Yule mama naye akalia. Dereva alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kajishika kichwa.

Hospitali walimpima, wakasema kile kidonda ni cha juu juu. Sauti ilimkauka siku kadhaa, alama ya mtandio ikakaa shingoni muda mrefu. Yuko hai, alhamdulillah.

Ila kuna jambo sijawaambia nyumbani.

Juzi nilikuwa kwa mama, nikatoa kisu nimenye chungwa. Kile kimlio cha kukifungua tu, Mwanaidi akanyanyuka akatoka nje. Nikamfuata.

"Kaka, najua uliniokoa," akasema. "Lakini nakumbuka ulivyonitazama ulipoacha kukata. Nilidhani umeamua kuniacha."

Nikakikunja kisu, nikakitia mfukoni.

Nilichojifunza: ncha kali ni ya kutoboa kitu kilicho mbali na mwili. Karibu na ngozi ya mtu, chukua ncha butu yenye makali yaliyonyooka, na uijue kwa kuipapasa kabla hujaihitaji. Na dada zetu, mtandio uchomekeni ndani ya koti kabla hamjapanda boda.

Nyie mnabeba ubapa gani, na umewahi kuwafaa wapi? Na aliyewahi kuambiwa neno kama hilo la Mwanaidi na ndugu yake, anisaidie: ulimjibu nini?