Siku Niliyouficha Mchezo Wangu Chini ya Kitambaa cha Meza

Mnaonijua mnadhani aibu yangu kubwa ni ile ya kuanguka na baiskeli mbele ya ofisi. Ile ni ndogo. Kubwa ni hii, na sijawahi kuisimulia yote kwa sababu kila nikifika katikati nabadilisha hadithi, kwa hiyo leo nitaisema mbio mbio, na mkitaka kucheka chekeni nikishamaliza.

Miaka ile ya tisini nilikuwa karani wa kituo cha msitu kule Isecheno, na akaja Mholanzi mmoja, Yani, kuchunguza tumbili. Mvua ikinyesha (na Isecheno mvua hainyeshi, inahamia) hakuna tumbili wa kuchunguza, basi tulikaa barazani tukipigana vita vya sayari za mbali kwa sanamu ndogo za askari zenye urefu wa kidole gumba, za helmeti na bunduki za miale. Alikuwa na vitabu viwili vya sheria. Kwa kitabu chekundu, ukimpitisha askari wako mahali pa wazi, mwenzako ana ruhusa ya kukukatiza papo hapo, akupige na akunyang'anye zamu. Kwa kitabu cha buluu, mwenzako haamui kitu, mnarusha dadu na kuangalia jedwali, na jedwali ndilo linasema kama askari wake atapiga, atajificha au atatoroka. Yani alisema chekundu ndicho mchezo wa kweli. Mimi nilisema cha buluu ni cha haki zaidi. Tulibishana miezi minane na sijawahi kufurahi kama miezi ile.

Kisha tumbili wakaisha, au pesa za tumbili, na Yani akaenda akaniachia sanduku lote. Mimi nikahamishiwa mjini, nikapanga chumba na sebule mtaa wa Amalemba, na jioni nikitoka kazini natandika blanketi juu ya meza, chini yake vitabu vya zamani viwe vilima, nacheza pande zote mbili. Kitabu cha buluu kilikubali, kwa sababu jedwali lilikuwa kama mtu wa pili. Chekundu kilikataa katakata. Huwezi kujikatiza mwenyewe, unajua tayari unakoelekea. (Nilijaribu kujifanya nimeshtuka. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, peke yake, anashtuka kwa sauti.) Nilihitaji mtu mmoja tu, basi. Mmoja wa kukaa upande wa pili wa meza.

Sasa hapo ndipo nilipokosea. Nilimpelekea katibu wa kanisa karatasi ya kusomwa kwenye matangazo ya Jumapili, na kwa vile niliona haya kuandika kwamba ni mchezo wa askari wa sayari, niliandika tu kwamba ndugu Wycliffe, ndiye mimi, anawakaribisha wapendao nyumbani kwake Jumamosi saa nane, ana kitu cha kuwaonyesha. Nilitarajia vijana watatu wa kwaya. Nilikanda mandazi kumi, nikapanga vita vizuri sana, halafu nikafunika meza yote kwa kitambaa cheupe ili niwafunulie kwa mpigo.

Mtu yeyote wa kwetu angeniambia. Kapera wa umri wangu, ambaye hajawahi kumkaribisha mtu hata kwa chai, akiwaita watu nyumbani kupitia kanisa, anaonyesha mchumba. Hakuna kitu kingine anaweza kuwa anaonyesha.

Saa nane kamili nikasikia nyimbo. Wa kwanza kuingia alikuwa senge wangu Rasoa, dada ya baba, na nyuma yake akina mama wa kanisa na leso zao kiunoni, mmoja amekumbatia ingokho, kuku wa zawadi, mwenye miguu iliyofungwa, na nyuma yao wazee, na viti vya kukopa vikipitishwa juu ya vichwa. Sebule ikajaa, watu wakasimama mpaka uani. Halafu wakampisha mtu mlangoni, na alikuwa mama yangu, ametoka kijijini Musanda asubuhi kwa habari za senge, amevaa gauni lake la Krismasi.

"Yuko wapi?" aliniuliza polepole, akitabasamu.

Nikajibu, "Ngojeni kidogo." Sijui ni shetani gani alinipa maneno hayo. Wote wakageuka kutazama pazia la chumbani, na senge hakungoja, akalifungua, na huko ndani kulikuwa na kitanda changu cha chuma na shati linalokauka.

Mzee wa kanisa akaona aokoe hali. Alidhani chini ya kitambaa ni chakula, basi akaweka mkono juu yake na kuomba, maombi marefu, akishukuru kwa nyumba hii iliyokaa baridi na leo inapata mwenyewe, akabariki vilivyoandaliwa na mikono iliyoviandaa, akasema amina, akafunua.

Waliangalia. Askari ishirini na wanne, mikebe ya mafuta ya kupikia niliyoipaka rangi iwe matangi, na vitabu viwili, chekundu na cha buluu.

"Hii ni nini, kijana?"

"Ni askari, mzee. Wako sayari nyingine."

Ningenyamaza hapo. Badala yake nikaanza kueleza tofauti ya sheria, naapa, mbele ya chama chote cha akina mama, nikasogeza askari na kurusha dadu, jasho linanitoka, nikasema kwa hiki mwenzako hukukatiza na kwa hiki jedwali ndilo huamua. Mmoja akacheka nyuma, akanyamazishwa, na kule kunyamazishwa kukaniuma kuliko kicheko. Wakaanza kuaga kwa adabu, mmoja mmoja. Yule mama akaondoka na kuku wake.

Akabaki mama. Alikaa upande wa pili wa meza.

"Na hii unachezanga na nani?"

"Peke yangu."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku, mama."

Akasogeza kiti karibu na zile sanamu. "Nionyeshe."

Nikachagua kitabu chekundu. Nikampitisha askari wangu mahali pa wazi, nikamwambia sasa anaweza kunikatiza, ampige.

"Naweza kumwacha apite?"

"Unaweza, lakini utashindwa."

"Basi apite."

Wakapita wote kumi na wawili. Hakumpiga hata mmoja, na kwa dakika kumi mchezo ukaisha, na hadi leo sijui kitabu kipi ni bora.

Alipoinuka kuondoka alitoa kwenye mkoba leso mpya ya kumpa mkwe, bado imefungwa kwa karatasi ya duka. "Hii niiache hapa ama niirudishe?"

Nikasema, "Irudishe," haraka, bila kufikiri. Akaitia tena mkobani, akaufunga, akaenda zake.

Kanisani sitatangaza kitu tena, hilo niliapa usiku huo huo na sijavunja. Lakini kinachoniamsha si mzee wala kitambaa. Mama alikuwa ameuliza tu kama ana sababu ya kuendelea kungoja, nami nilikuwa na neno "iache" mdomoni, na halingenigharimu chochote.