Mshairi wa Uskoti Kwenye Mstari wa Majembe

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka nacheka peke yangu hadi wajukuu wananiuliza kulikoni. Ilikuwa miaka ya sabini, mavuno yameisha, na pale kijijini Didia vyama viwili vya ngoma vinajiandaa kushindana uwanja mmoja: Bagika upande huu, Bagalu upande ule. Ngoma yetu Wasukuma haina mwamuzi. Watazamaji wakijaa kwako, umeshinda, wakihama, umeshindwa. Mwimbaji wetu wa Bagika aliugua koo, nami Kulwa, kijana wa darasa la saba mwenye ndoto kubwa kuliko kichwa, nikapewa nafasi yake. Ningeharibu, nisingeimbishwa tena.

Sasa, tulikuwa na fundi wa visima, Mskoti, tukimwita Kalumu. Kwao alikuwa mshairi mwenye vitabu. Akimaliza pampu zake, mtu huyo anachukua jembe na kuingia kwenye mstari wa wakulima, apate tu kusikia nyimbo za kulimia! Alituambia kisiwani kwao bibi yake na majirani walikaa kuizunguka meza, wakiipigapiga nguo ya sufu iliyolowa ili ishikane, mmoja akiimba, wengine wakiitikia. Lugha yao si Kiingereza. Ni ya watu wachache, na shuleni alichapwa kwa kuizungumza. Badala ya kuiacha, akaitungia mashairi maisha yake yote. Mstari mmoja aliuzungusha mdomoni wiki nzima, akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilimpenda sana.

Basi nikamwendea. "Mwangaluka, fundi. Nitungie wimbo. Wewe ni mshairi wa vitabu, Bagalu watakoma!"

Akaweka spana chini. "Kulwa, mwaka huu mama yako alilima na nani?"

"Peke yake. Jembe lenyewe limeisha, limebaki kama kijiko, lakini hataki kulitupa. Lilikuwa la marehemu baba."

"Na hilo unataka nikutungie mimi? Jembe hilo sijalishika hata siku moja. Mdomo unao, unaazima wangu wa nini?"

Nikanuna. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu: nikachukua rumba ya redioni, ya mapenzi ya mjini, nikabadilisha majina tu.

Siku ya ngoma, ubeti wa kwanza watu walitabasamu. Wa pili wakapiga miayo. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapaza sauti, "We Kulwa! Redio tunayo nyumbani!" Kicheko kikapasuka, uwanja ukahamia kwa Bagalu. Hata shangazi yangu alihama, fikiria! Wapiga ngoma wetu wakanikodolea macho.

Nikaiacha rumba katikati. Halafu, sijui nilitoa wapi, nikaanza kwa Kisukuma kumwimba mama na jembe lake linaloliwa na udongo, kila masika fupi zaidi, na kiganja cha baba ambacho bado kimo kwenye mpini. Shangazi akarudi wa kwanza, akiitikia. Wakarudi wazee, na akina mama wachache. Vijana hawakurudi. Tulishindwa, mwanangu, tena vibaya.

Lakini mvua za kwanza ziliposhuka, nikapita kando ya shamba la Bagalu. Wamejipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na wimbo wanaolimia ni wangu! Kalumu yuko katikati yao, jasho linamchuruzika, anaitikia Kisukuma chake kibovu kwa moyo wote. Hakuniona. Nilisimama njiani nikalia kama mtoto.

Alirudi kwao baadaye. Nasikia watoto wa shule huko sasa wanakariri mashairi yake, kwa lugha ileile aliyochapiwa.

Kwa hiyo mwanangu, unayeimba, unayeandika, au unayeota tu ukichunga ng'ombe: nguo ya kuazima haisitiri matako. Anza na kilichomo nyumbani kwenu. Kiseme kwa lugha iliyokulea, na usikiachie haraka. Kizungushe mdomoni mpaka kikae sawa. Uwanja ukihama usiukimbilie. Anayekuhitaji atasikia, hata kama ni mpinzani wako.

Mungu akupe neno lenye uzito wa mkono uliofanya kazi, na siku utakayokosa umati, akubakizie mmoja wa kukuitikia.