Kifuniko Alichokifuta Anouar

Hebu mwone Anouar akiingia. Ni Ijumaa ya mwaka 2004, sala imekwisha, kofia bado iko kichwani, daftari kwapani na kalamu nyekundu mfukoni mwa shati. Anasukuma mlango wa chumba cha intaneti, pale karibu na soko la Buyenzi, na kabla ya salamu anatupa jicho kwenye kiti cha mbao kando ya dirisha. Zamani alipenda kukuta mtu amekikalia. Siku hizi anaomba kiwe kitupu.

Ngoja niwaeleze kwa nini.

Anouar alirithi ufundi wa magari kwa baba yake, lakini moyo wake ulikuwa kwenye maneno. Shule hakuimaliza. Alijifundisha kuandika kwa kusoma magazeti ya kufungia sukari dukani kwa mjomba wake. Watu wakawa wanamletea masaibu yao ya vita. Yeye anaandika, anasahihisha, kisha anayatuma Ubelgiji kwa Marcellin, Mrundi mwenzake mwenye tovuti ya watu kusimulia maisha yao wenyewe. Visa vingine kule vilikuwa kama gunia lililomwagika njiani. Vya Anouar vilisifiwa. Neno likizidi, alilichomoa kama msumari kwenye tairi.

Majina halisi hawakuyaweka. Vita vilikuwa havijaisha, na jina la mtu lingeweza kumletea mgeni asiyemtaka mlangoni.

Siku moja akaja Mwanne, muuza ndagala, yaani dagaa wa ziwani, asiyejua kusoma. Mwaka 1995 risasi zilipoingia mtaani kwao Bwiza alikuwa jikoni anapika maharage. Akakimbia na kaka yake Sleiman kuelekea bandarini. Njiani Sleiman akamtazama mkononi.

"We Mwanne, umebeba nini?"

"Sufuria."

"Sufuria iko wapi? Hicho ni kifuniko. Utafunika nini, ziwa?"

Wakacheka huku wanakimbia. Bandarini, meli ya mizigo ya Kigoma ilibakiwa na nafasi ya mtu mmoja. Wanaume ndio waliokuwa wakiwindwa siku hizo, basi Mwanne akamsukuma kaka yake apande. Tangu hapo hajui kama yu hai. Ndiyo sababu alitaka kisa chake kiwekwe kule: huenda Sleiman akakisoma, popote alipo.

Anouar alimsomea kutoka daftarini. Kwenye kifuniko Mwanne alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Majina ficha, baba. Lakini kifuniko usikiguse."

"Siwezi kukigusa, mama."

Kesho yake, akiwa peke yake mbele ya kompyuta, kifuniko kikaanza kumkera. Watu wanakufa, huyu anachekesha. Msomaji wa mbali atadhani ni mzaha. Akakifuta. Mahali pake akaweka msahafu wa marehemu baba yake Mwanne, umezungushiwa kanga, umebanwa kifuani. Sentensi ikatulia kama maji ya mtungini. Marcellin akamwandikia: "Hapo kwenye msahafu nimelia." Anouar alitembea na sifa hiyo wiki nzima. Mwanne mwenyewe hakuambiwa kitu.

Miezi minne baadaye akaukuta ujumbe chini ya kisa, hauna jina wala anwani:

"Nimesoma mara tatu. Mimi pia niliachana na dada yangu kwenye bandari hiyo, mwaka huo huo. Alinisukuma nipande. Moyo uliniruka. Lakini wangu hakubeba msahafu, na baba yetu hakujua kusoma. Wangu alibeba kifuniko cha sufuria. Basi si yeye. Mungu amkutanishe dada huyu na kaka yake. Mimi nasafiri kesho, na sitatafuta tena."

Dakika ile ile Anouar akakirudisha kifuniko. Akajibu chini ya ujumbe mara moja, akajibu mara kumi. Akamuuliza Marcellin, Marcellin akasema hana njia ya kumjua aliyeandika. Akaenda bandarini kuwauliza mabaharia wa Kigoma. Akina Sleiman waliwajua wengi mno.

Na leo kiti si kitupu. Mwanne amekaa, beseni la ndagala liko miguuni pake.

"Kuko mutu alijibu?"

"Apana, mama. Bado."

"Labda hawajafika kwenye kifuniko. Sleiman akifika pale, atacheka kwanza, halafu atakuja." Akavuta kiti karibu. "Nisomee, baba. Vile iko humu ndani ya mashini, si ile ya daftari."

Anouar akafungua ukurasa. Akasoma taratibu, na kwenye kifuniko Mwanne akacheka kama siku ile. Kisa kikafika mwisho. Chini yake, kwenye kioo, yamo maneno aliyoyangoja kwa miaka tisa, kwamba kaka yake yu hai. Na humo humo limo kosa la Anouar, wala huwezi kusoma moja ukaruka la pili. Kidole chake kimesimama juu ya ujumbe.

"Imeisha?" Mwanne anauliza. "Mbona naona bado kuko maandishi?"

Wewe msomaji wangu, kidole kile kingekuwa chako, ungeanza kumsomea kutoka mstari gani?