Aliyekosekana kwenye Filamu ya Mfongo

Jumapili iliyopita, baada ya ibada kule Mwika, binti mmoja alitundika shuka ukumbini akatuonyesha filamu aliyoipiga kwa simu: akina mama wa kijiji wakiufungua mfongo, mfereji wetu wa maji, uliozibwa na tajiri mwenye shamba la juu. Watu walishangilia kila walipojiona.

Mama mmoja aliyeketi mbele yangu hakushangilia. Filamu ilipoisha alisimama, mikono kiunoni.

"Wewe binti, mbona mimi simo? Si mimi niliyetangulia na jembe?"

"Shikamoo, mama. Ulinikatalia mwenyewe. Ulisema nisikupige, hujasuka."

"Marahaba! Na huyu jirani yangu aliyekuja tukishamaliza, mbona kajaa shuka zima?"

"Mwenzio alikuwa amesuka," mtu akadakia. Ukumbi ukacheka.

"Basi leo nimesuka. Twende ukanipige."

"Lakini mama, maji yameshafunguliwa."

"Tutayaziba, kisha nitayafungua!"

Nilicheka na wenzangu, lakini wivu wake niliujua. Tulipigania maji pamoja. Tumeyapata, sasa tunagombea picha. Siku ile na mimi nilikuwepo, nikawasomea shairi refu pale pale kwenye tope, na kwenye filamu halimo hata neno moja. Nilimfuata binti nje, nikamwuliza kama pale maji yanapoingia migombani, mahali ambapo hakuna anayesema, pasingefaa kuwekwa shairi.

"Hapana, kaka," akasema kwa upole. "Pale watu wanasikiliza maji."