Krusedi Iliyoota Upanga

Kwetu Kampala krusedi haikumtisha mtu. Ilikuwa jukwaa, vipaza sauti vinavyokwaruza na wagonjwa kuombewa. Kwa hiyo mchungaji wetu alipoandaa krusedi hapa ugenini Rinkeby, aliiuliza simu yake neno la Kiswidi, simu ikampa *korståg*, naye akabandika matangazo.

Binti yangu, anayesoma historia chuoni Flemingsberg, aliliona moja akaja nalo mkononi.

"Mamma, *korståg* ni vita. Ni jeshi la msalaba."

Akanieleza habari za askofu mmoja wa zama za vita hivyo aliyeongoza jeshi mwenyewe. Alibariki panga, mji ukachomwa, na waliokimbilia kanisani wakauawa humo humo. Halafu askofu akapiga magoti kumshukuru Mungu. Chai ilinishinda. Mikono ile ile ya kubatiza watoto, nikawaza, nikaona kinyaa.

Jumapili nilimfuata mchungaji nikamsimulia hayo, nikitegemea ataona haya. Macho yalimng'aa.

"Askofu mwenyewe alitangulia mbele? Basi neno ni hilo hilo. Tumepoa mno, mama."

"Waliuawa kanisani, mchungaji."

"Hiyo ni historia tu."

Wiki iliyofuata yakatoka matangazo mapya, safari hii na picha ya upanga. La kuvunda halina ubani. Sikubishana naye tena. Alipopita na manukato yake, nilihamia benchi la nyuma.

Tangazo moja lilibandikwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu. Nilishuka kulibandua, nikamkuta jirani yangu anakunja shuka. Ni Mwislamu, Mganda mwenzangu, tulikuja ukimbizini pamoja. Nilipokuwa kazini, binti yangu alilala kwake na kula kwake, na mpaka leo anamwita mama mkubwa. Kiswidi anakisoma kunishinda.

"Krusedi naijua," alisema. "Nyumbani mlitupigia kelele, tukavumilia. Lakini huu upanga ni wa nani, dada?"

Nilimwambia ni ujinga wa mchungaji, simu ilikosea. Nikalichana. Alinitazama nikichana mpaka nikamaliza.

"Wewe nakuamini," alisema. "Sasa niambie kama dada yangu. Siku hiyo wajukuu wangu niwaache wacheze nje, au niwafungie ndani?"

Nilitaka kusema wacheze, lakini sikuweza kumwapia hivyo; nikashika ncha ya pili ya shuka, tukakunja pamoja.